Tulipoenda Uvira Kutafuta Sangala ya Papa

Jumanne, tarehe 3 Oktoba. Mvua ilianza Nguba, mutaa wetu wa Bukavu, kabla ya kengele ya misa ya asubuhi, mvua ya taratibu, ile inayolowesha watu bila kelele. Ziwa Kivu halikuonekana kabisa, tuliona ukungu tu mahali linapokaa.

Naandika haya kwa sababu muko wengi munaoniuliza. Kila mutu anayeleta nguo kwenye atelier yangu ya kushona namueleza kipande kimoja, narudi kwenye mashine yangu, na kesho nasikia kile kipande kimegeuka hadithi ingine. Afadhali niandike yote mara moja. Mimi ni mushonaji, shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo nikikosea musishangae. Papa, yaani baba yangu, iko, mumuulize.

Kwa wale wasiojua, sangala ni samaki wa ziwa Tanganyika, mwenye miiba mugongoni na macho yanayong'aa. Wengine wanaiita capitaine. Kabla sijazaliwa, Papa alikuwa shofere, dereva wa gari, wa kampuni moja kule Uvira. Kila siku ya Mungu, baada ya misa, wakubwa wa biro, wale wa ofisini, na mashofere wao walikuwa wanaenda ziwani na uzi na ndoano, kuvua kwa kujifurahisha, si kwa kuuza. Tangu tukiwa watoto Papa alituambia kwamba siku moja alivuta sangala ambayo wanaume wawili waliibeba kwenye muti mabegani, na mukia ulikuwa unaburuta chini.

Sisi ni watu wa sambaza, samaki ya kuenea kwenye kiganja. Tulicheka. Nyumbani kwetu uongo wowote mukubwa ukaanza kuitwa sangala. Mutoto akisema amemaliza devoir ya shule, anaulizwa, "Hiyo si sangala?" Nakiri kwamba aliyeanzisha ule muchezo ni mimi.

Mwezi wa saba familia ilikaa kikao juu ya mupaka wa shamba letu la Kabare. Papa alisema mupaka unafuata mufereji wa zamani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo siku baba yake na jirani walipokubaliana. Kaka yangu Déo, mutu mwema, anayelipia watoto wangu wawili shule, kwa hiyo musimufikirie vibaya, akasema mbele ya majirani, "Papa, hiyo nayo ni sangala." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Papa akasimama, akachukua kofia yake, akatoka.

Tangu siku ile alikula chumbani mwake, peke yake. Ukimuuliza neno lolote, hata kama ni kuhusu bati la nyumba, alijibu, "Muulize Déo." Ilipita miezi mitatu hivyo. Shamba lilikuwa karibu kukatwa bila yeye, na yeye ndiye peke yake aliye hai kati ya wale waliokuwapo. Nilifikiri sana na sikuwa na hakika. Mwisho nilimuendea nikamuambia:

"Papa, twende Uvira. Unionyeshe sangala."

Akauliza, "Na tukikosa?"

"Nitasema tumekosa."

"Na ikiwa ndogo?"

"Nitasema ni ndogo."

"Basi twende," akasema, na akaenda kutafuta koti lake.

Kutoka Nguba hadi Nyangezi

Gari lilikataa kuondoka mpaka lijae, na lilipojaa, mutu mumoja alikuja na godoro. Tulibishana saa nzima juu ya godoro. Kwa haki niseme dereva alikuwa na subira kuliko sisi sote.

Pembeni ya Papa alikaa mama mumoja mwenye mifuko miwili iliyonuka samaki. Papa akamuuliza anakopeleka.

"Uvira, papa. Ni sambaza kavu, nimezitoa Minova, kwa Kivu."

Papa alifikiri hajasikia vizuri. "Uvira gani? Uvira ya ziwani?"

"Iko Uvira ngapi, papa?"

"Unapelekea watu wa Tanganyika samaki?"

"Batu banakula nini sasa? Ndagala, dagaa zao, zikikosa, bananunua zangu. Ziwa yao imechoka."

Gari zima lilicheka. Papa hakucheka. Baada ya muda alisema polepole, kama anaongea na dirisha, "Zamani sisi ndio tulikuwa tunapandisha samaki Bukavu. Kamio mbili, lori zimejaa, kila juma." Yule mama akanigusa goti na kuniuliza kwa sauti ya chini kama muzee ni mugonjwa. Nilijibu hapana. Sikuongeza neno, na mupaka leo najilaumu, maana mutu angeweza kufikiri nakubaliana naye kwamba Papa anaropoka.

Mutelemuko wa Ngomo

Kwenye Ngomo barabara imeshikamana na mulima kama pindo kwenye gauni, na upande wa pili hakuna kitu, ni hewa tu. Mvua ilikuwa imefanya udongo laini. Kamio moja ya saruji ilikuwa imelala ubavu kwa ukuta wa mulima, magurudumu yake ya nyuma yamezama. Nyuma yake kulikuwa na magari kumi na moja, nilihesabu mara mbili. Tulikaa pale kuanzia saa nne ya asubuhi mpaka saa tisa ya mchana.

Papa alishuka, akaenda kuangalia magurudumu, akawaambia wale vijana wapunguze hewa kwenye matairi na waache kuweka majani. Mumoja akamujibu, "Asanti, papa, kaa kwenye kivuli." Waliweka majani. Baadaye walileta mawe, na kamio ikatoka. Sijui kama ushauri wa Papa ungefanya kazi haraka zaidi. Sikuona, kwa hiyo siwezi kusema.

Lakini nataka niwaambie jambo moja la pale. Tulipokuwa tunangoja, tukila mahindi ya kuchoma ambayo mama mumoja aliyapandisha kutoka chini kwa miguu, ukungu ulifunguka ghafla. Chini yetu, mbali sana, kulikuwa na nchi ingine kabisa: tambarare ya manjano, jua linawaka, muto Ruzizi unajikunja ndani yake kama uzi ulioanguka. Sisi tulikuwa bado kwenye mvua na makoti. Watu wa magari kumi na moja walisogea kuangalia wote pamoja. Hata mwenye godoro.

Papa aliinua kidole. "Kule mwisho, pale penye weupe. Ile si anga. Ile ni maji."

Kamanyola

Tulifika Kamanyola tukiwa na matope mupaka magotini, na joto likatupokea kama mulango wa tanuru. Tulikula wali wa pale pale na maharage, na maembe. Mwenye mukahawa, mama munene mucheshi, alimuangalia Papa na koti lake na kofia yake akanihurumia.

"Unamupeleka papa kwa munganga wa macho?"

"Hapana, maman. Tunaenda kuangalia samaki."

"Kununua?"

"Kuangalia tu."

Akaita dada yake kutoka jikoni. "Njo usikie! Batu ya Bukavu banalipa gari ju ya kuangalia samaki! Hebu rudia, tonton."

Nilirudia. Walicheka mupaka mumoja akakaa chini. Lakini walituongezea maharage bila kuombwa, na Papa mwenyewe alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba.

Uvira

Mimi nimekulia kando ya ziwa, kwa hiyo nilifikiri najua ziwa ni nini. Kivu yetu ina visiwa na rasi, jicho lako daima lina mahali pa kupumzika. Tanganyika haina. Tulitokea Kiliba penye mashamba ya miwa, na ikawa upande wa kushoto ni maji, kisha maji, na milima ya Burundi juu yake ya rangi ya moshi, na upande wa kusini hakuna ukingo. Yalikuwa na mawimbi ya kweli, yanayopiga kwa sauti. Papa alivua kofia. Nilifikiri anafuta jasho, kisha nikaona anayasalimu.

Tulilala kwa binti ya shangazi yangu. Kesho yake tukaenda kwenye resto moja, na kwenye ubao waliandika sangala. Moyo wangu ulipiga. Nikaagiza kabla Papa hajakaa. Ikaletwa sahani na kipande cheupe, kizuri, na limau. Papa alikigusa na uma, akakinusa, akamuita mwenye kuhudumia.

"Mwanangu, hii sangala ilitoka wapi?"

"Ziwani, papa."

"Ziwa gani?"

Yule kijana aliangalia jikoni, akamuangalia Papa, akakata tamaa. "Ya Uganda, papa. Inakuja na kamio, kwenye barafu."

Lazima niseme ilikuwa tamu, na kijana alisema ukweli alipoulizwa. Lakini tulikuwa tumekula samaki wa ziwa lingine huku miguu yetu iko karibu kuloweshwa na Tanganyika.

Tuliuliza kwenye ufuko. Vijana waliokuwa wanatengeneza nyavu walituambia mwezi bado mukubwa. Wao wanavua na taa, na mwezi ukiangaza samaki haziji kwenye taa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku za kukaa. Hilo sikulijua, na Papa alisahau kuniambia. Tulikaa siku nne. Tulikula ndagala na bugali, bugali na ndagala. Papa aliuliza kila mutu aliyeshika wavu juu ya sangala. Mumoja, mwenye ndevu tayari, alisema, "Mimi sijaionaka, papa. Nilisikiaka tu." Mwingine akatutuma kusini, kwenye kambi moja ambapo bado wakati mwingine inaingia.

Kambini

Tulienda kwa moto, yaani pikipiki, watatu pamoja na dereva, Papa katikati, barabara ikifuata maji, mulima ukitusukuma upande wa ziwa. Ile kambi ni nyumba za matope, meza za kuanikia samaki, na mitumbwi iliyofungwa miwili miwili. Mukubwa wa timu aliitwa Kashindi, wa miaka kama thelathini na tano. Mwenye kupasua samaki aliitwa maman Feza, mwenye nywele nyeupe na kisu kilichonolewa mupaka kikabaki chembamba kama jani.

Pale kuna desturi ambayo lazima muielewe. Maman Feza halipwi pesa. Samaki kubwa ikiingia, anaipasua yeye, na mayai yaliyo ndani ni yake. Anayakausha, anayauza, ndiyo mushahara wake. Kwa hiyo hakuna mutu kambini anayetafuta mayai kwa bidii kuliko yeye.

Jumatatu alfajiri mitumbwi ilirudi. Kwanza tulisikia sauti, watu wanapiga mbao za mutumbwi na makasia. Kambi nzima ikakimbia. Maman Feza akasema, "Kuko kitu."

Kashindi aliishika kwa matundu ya shavu na kuiinua. Ilikuwa sangala.

Nitajaribu kuieleza bila kuongeza. Urefu wake ulikuwa kama mukono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole. Rangi yake ilikuwa fedha, lakini fedha yenye dhahabu chini yake, kama kitambaa cha satini ukikigeuza kwenye mwanga. Jicho lilikuwa kubwa, la manjano, na lilikuwa bado linaona. Mashavu yalifunguka na kufunga. Sikuwahi kuona samaki inayoonekana kuwa mutu wa heshima. Wanawake walipiga kelele za furaha, watu walitoa simu, mumoja aliomba apigwe picha nayo kama na mutoto wake. Na mimi nilisimama nimeshika kofia yangu mukononi bila kujua niliivua lini.

Papa alipenya katikati. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha ile samaki. Akasema:

"Hii ni mutoto."

Mara moja kikatoka kicheko.

"Mutoto ya nani, papa? Ya kwako?"

"Papa, miwani yako iko wapi?"

"Muzee wa Bukavu amezoea sambaza, sasa anajifanya!"

Nitasema ukweli juu yangu. Nilimuvuta koti. Nilimuambia, "Papa, basi." Sikuwaona wale watu tena, nilimuona Déo na majirani wa Kabare, na nilitaka anyamaze.

Hakunyamaza. "Hii ni mutoto," akarudia, bila hasira. "Haikupaswa kutoka majini."

Kashindi hakufurahi. Alisema, "Papa, miaka kumi na mbili niko kwenye hii ziwa. Hii ni ya pili tangu mwaka uanze. Kama hii ni mutoto, mama yake iko wapi?"

"Njo hiyo ninakuuliza na mimi," Papa akajibu.

Samaki ilipokuwa imekufa, maman Feza akapiga magoti na kisu chake. Watu walibaki, nafikiri wengi walibaki ili waendelee kumucheka Papa. Alipasua tumbo kwa mukono mumoja, akaingiza vidole. Akatafuta. Akaingiza mukono mupaka kwenye kifundo, akatafuta tena, uso wake ukabadilika. Kisha akatoa vitu viwili vyembamba, vya rangi ya waridi, kama nyuzi za kushonea viatu, akavilaza kwenye kiganja.

"Hii njo mahali ya mayai," akasema. "Angalieni. Hakuna. Haijazaa hata siku moja. Haijafikiria hata kuzaa." Akamuangalia Papa. "Papa amesema kweli. Na mimi leo nimefanya kazi bure."

Wenzangu, nilisimama pale nikihesabu. Huyu mama ndiye peke yake aliyepoteza kwa ule ukweli. Hakuwa na sababu yoyote ya kumusaidia Papa. Kama angepata hata kijiko cha mayai angekisema kwanza yeye. Na ile samaki iliyonifanya nivue kofia, iliyotoa watu vitandani, ilikuwa kama mutoto wa shule ya msingi. Niliangalia ziwa. Nilijaribu kufikiria mama yake, na bibi yake, wakipita chini kule penye giza, na akili yangu haikufika.

"Mama yangu alikuwa anapasulaka kichwa ya zile kubwa na shoka," maman Feza akasema. "Nilikuwa mudogo, labda nakosea. Lakini nakumbuka shoka."

Kicheko hakikurudi. Kashindi alikaa juu ya ukingo wa mutumbwi. "Papa, tufanye nini?" akauliza, na sasa alikuwa anauliza kweli. "Wavu haujui mutoto na mukubwa. Na nyumbani batu banangoja." Sikuweza kumuhukumu. Na mimi kama ningekuwa na wavu na watoto wanaongoja, sijui kama ningeirudisha ile samaki majini.

Papa alikaa pembeni yake. Ndipo alisema jambo ambalo nyumbani hakuwahi kulisema.

"Hatukuwa na wavu. Tulikuwa na ndoano kubwa kama kidole hiki, ya kuchagua wamama peke yao. Ile mudogo ilikuwa haiwezi kuimeza. Siku moja, tulikuwa wanaume wanne, tulivuta saba. Saba, mwanangu, ya kubebwa na wawili wawili. Tulikula moja. Tulipiga foto. Zingine zililala kwenye muchanga, tukaenda kunywa bia. Kesho yake tulipita, zilikuwa zimeoza."

"Saba?" nikauliza. "Papa, sisi ulituambia moja."

"Mulikuwa munacheka kwa moja," akasema. "Ningewaambia saba?"

Mawimbi yalikuja na kurudi. Nilielewa kwamba kwa miaka yote ile Papa alikuwa anaipunguza hadithi yake, si kuiongeza, na kwamba kile alichokipunguza ndicho kilichokuwa kinamuuma.

Kashindi hakutaka tuondoke mikono mitupu. Alimujazia maman Feza bakuli la ndagala kwa ile kazi yake ya bure, na sisi akatufungia mufuko.

Kurudi

Kurudi sina mengi ya kusema. Ngomo ilikuwa kavu na tuliipanda bila kusimama, Papa amelala begani kwangu mudomo wazi. Pale Nyangezi Papa alinunua ndizi.

Tulifika Nguba saa kumi na moja ya jioni. Déo alikuwa kwangu, alikuja kuchukua suruali yake, na muke wangu alikuwa amemupa kiti. Akacheka, kwa upendo, sitaki museme vingine. "Eh, wasafiri! Muliiona?"

Nilikuwa nimeahidi. Nikamuambia, nikiwa nimesimama, "Tuliiona moja. Ilikuwa ndogo, urefu wa mukono wangu. Kambi nzima ilifikiri ni kubwa, na mimi pia. Papa peke yake alisema ni mutoto. Walimucheka. Ikapasuliwa, haikuwa na yai. Yule aliyepasua alikuwa analipwa na mayai." Nikamueleza na zile saba, na kwamba tulikosea, mimi wa kwanza.

Déo alikaa na ile suruali magotini, anaikunja, anaikunjua. Anafanya kazi biro, anajua ushahidi ni nini. Papa alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, ametugeuzia mugongo.

"Papa," Déo akasema mwishowe. "Ule mufereji wa Kabare. Unaanzia wapi?"

Papa alipangusa mikono, kidole kwa kidole. Nilifikiri atajibu, "Muulize Déo." Lakini alivuta kiti chake kutoka ukutani, akakileta mezani, akakaa.

"Nitakuonyesha Jumamosi, tutaenda pamoja. Kula kwanza, bugali inapoa."

Tulikula bugali ya muhogo, mboga ya lenga-lenga, na ndagala za Kashindi zilizopikwa na nyanya na kitunguu. Papa aliomba pilipili mara mbili.